Mfuniko

Chande alinikodisha nusu ya pikipiki yake:
nusu ya nyuma, yenye kiti kilichoshonwa kwa uzi wa nyavu.
"Songosongo nzima, saa moja," alisema.
"Tukisimama kwa watu, siku."

Tulisimama kwa watu.

Wa kwanza Bi Somoe. Hakutuuliza majina.
"Mnazunguka? Basi mpelekeeni hiki Mwanaidi, upande wa pili."
Sufuria ya pweza, ya moto bado,
imefungwa kanga nyekundu, fundo juu kama masikio ya sungura.
Nikaipakata. Mapaja yakaungua kistaarabu.

Njia ni mchanga, halafu mawe ya tumbawe,
halafu mchanga tena, wenye hila zaidi.
Kulia uzio wa mitambo ya gesi,
na mlinzi aliyegeuza uso: jana Chande kamfunga bao.
Kushoto maji yamekupwa, yamewaacha wanawake mwambani
wamepinda migongo, nondo mkononi,
na mmoja wao, bila kuinua kichwa:
"Chande! Mwambie Somoe naitaka ndoo yangu!"

Mwanaidi alipokea, hakufungua. Alisoma.
Ndipo nami nikaisoma kanga:
MWANA HASAHAU, HUJISAHAULISHA.
Akacheka kwa pua. Akanionyesha kisiki uani,
kisha bati la nyumba yake, lenye matundu mawili.
"Nazi zilikuwa zinaniangukia usiku kama wezi. Nikaukata.
Kumbe kitovu cha mama kimezikwa pale.
Mwezi wa nne huu tunasemeshana kwa vyombo."
Akaonja pweza, akakunja uso, akaonja tena.
Sufuria ilirudi na visheti, ndani ya kanga ya buluu:
LAWAMA HAINA MNUNUZI.

Tukaendelea kuzunguka. Watoto wawili walitusukuma
hata pale ambapo hatukukwama.
Mfuniko ulikuwa unagonga kila shimo, kelele tupu,
nikauchomoa.
Tairi likatoboka karibu na kwa fundi Likwata,
akaziba kwa kipande cha kandambili,
akakataa hela. Alitaka tu kusoma kanga.
Alisoma mara mbili, akatikisa kichwa:
"Huyu mtoto kamtoa mama yake mdomoni."

Bi Somoe alisoma akaketi.
Akala kisheti. Akala cha pili. Cha tatu.
"Sukari imezidi," alisema, akachukua cha nne.
Akaingia ndani, akakaa muda, jiko likasikika.
Alipotoka, sufuria imefunikwa jani la mgomba,
na kanga ni ile ile nyekundu,
ila ameigeuza: maandishi ndani, kapa kwa nje.
"Rudini."

Chande alilitikisa tangi, akasikiliza mafuta.
Tukarudi.

Mara hii salamu zilifupika. Kina mama wa mwambani: "Hee!"
Likwata: nyundo tu, juu.
Waliiona kanga ilivyogeuzwa
na kila mmoja akanyamaza,
kama wapitao mlangoni kwa mtoto aliyelala.

Mwanaidi alifungua fundo polepole.
Hakutafuta maandishi.
Alipapasa pindo kwa vidole, akaikung'uta, akajifunga.
Nikasema kwaheri. Chande akacheka:
"Unaaga? Njia yenyewe duara."

Boti ilikuwa imeshawasha mashine nilipofika mbio.

Lindi, usiku wa tatu, natafuta chaja mkobani,
mkono ukagusa bati baridi.
Upande mmoja masizi, ukingoni kibonyeo.
Niliujaribu juu ya sufuria zangu zote:
hii unazama, ile unapwaya.

Nikampigia Chande.
"Bora umepiga," akasema, "huku kuna kesi.
Mama anadai mfuniko uko kwa mwana,
mwana anadai uko kwa mama.
Leo mara mbili wamefuatana, kwa miguu, jua kali."

"Wanagombana kwa vyombo?"
"Vyombo gani! Kwa midomo. Sauti inafika hadi kwa Likwata."

Nikaugeuza mfuniko, nikaupangusa masizi kwa kidole.
"Chande," nikasema, "usiwaambie kitu."